Sakafu ya Hamravík

Hamravík, Jumatatu

Kaka Rói mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi cha Desemba kimekwisha, na wenzako wa karakana hawajakumalizia nyama ya kondoo aliyokutumia Mama. Sisi hatujambo. Mama goti lake humsumbua upepo ukivuma kutoka kaskazini, ila ukivuma kutoka kusini hupanda mlima kutazama kondoo kama msichana. Baba naye ni mzima, amenuna kidogo tu, kwa sababu dume lake la kondoo lilishindwa na dume la jirani kwenye maonyesho, na jirani hakosi sababu ya kulipitisha mlangoni petu.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu ya video kwa kuwa nikianza kuongea nawe kwa mikono, mikono hunikimbia nikasahau nusu ya niliyotaka kusema. Na safari hii sitaki kusahau lolote.

Tangu Jumamosi kuna mlio mmoja ambao hauniondoki. Ni mlio wa miguu ya kijiji kizima ikishuka pamoja juu ya mbao kwenye ngoma, mara moja, kabla Billa hajaimba ubeti wa pili. Haukuwa kishindo. Ulikuwa kama kitu kikubwa kilicholala chini ya nyumba kimeitwa jina, kikaitika. Najua ni ajabu kumwandikia habari za mlio mtu ambaye homa ilimchukulia masikio akiwa na miaka minne. Lakini mlio huu wewe uliujua kabla yangu. Mimi niliusikia, kwako wewe ulipanda kutoka miguuni mpaka kifuani, ukacheka, na ukaninyooshea kidole chini kunionyesha ulikotoka. Nilikuwa mdogo, nikadhani kuna mtu ndani ya ghala la viazi chini ya nyumba ya Bibi.

Basi nianze mwanzo.

Unajua kwamba tangu Bibi alipofariki na nyumba yake kufungwa, ngoma iliyokuwa ikichezwa humo ilihamia kwenye chumba cha michezo cha shule chenye sakafu ya zege, na kwamba kijiji kimekuwa kikijichangia ukumbi wake miaka yote hii. Ofisi yetu ya mjini Tórshavn ndiyo iliyopewa kuusanifu. Terji, bosi wangu, alichora nje mwenyewe, kisha akanikabidhi ramani akisema kazi kubwa imekwisha, mimi nibaki na rangi, taa na viti.

Nje kulikuwa kuzuri, sitamnyima haki yake. Kioo kirefu kinachotazama bahari, kuta nene zisizopitisha baridi, na juu paa la nyasi hai kama la mababu. Nikaifungua ramani ya ndani nikitarajia kuwakuta mababu na humo pia. Hawakuwemo. Walikuwa wamekaribishwa juu ya paa tu, wakaachwa huko huko mvuani.

Nikaenda kukaa peke yangu katika nyumba ya Bibi. Nilikaa kwenye benchi la ukutani, chini ya tundu la moshi ambalo Babu aliliziba kwa kioo, nikajiuliza swali nililofundishwa chuoni kuuliza kila jengo, na ambalo sikuwahi kuiuliza nyumba ya kwetu: chumba hiki kilipangiwa nani? Vitanda vimo ndani ya ukuta, vina milango kama makabati. Mabenchi yamepigiliwa kuzunguka. Vyombo viko kwenye kona. Katikati hamna kitu. Halafu nikakumbuka nyumba nilizofundishwa kuzisifu, na nilizozichora mwenyewe nikasifiwa: kochi katikati, meza ya kioo mbele yake, zulia chini yake, na watu wanapita pembeni kana kwamba wanaziomba radhi samani. Watu wa kale waliweka vitu ukutani na watu katikati. Sisi tumeweka vitu katikati, watu tukawasukumia ukutani, halafu tunashangaa kwa nini wageni wanaondoka mapema.

Nikasimama, nikapiga mguu mmoja. Chini kuna lile ghala la mawe, tupu sasa. Nyumba ikaitika.

Kisha nikaitazama tena ramani ya Terji. Zege, na ndani ya zege mabomba ya maji ya moto, na juu ya zege plastiki ya kijivu, na juu kabisa dari ya kumeza sauti. Sisi ni watu tusiopiga ngoma wala zumari tunapocheza. Tunashikana mikono, manju anaimba utenzi, sote tunaitikia, na miguu ndiyo inayotunza mwendo. Chombo chetu pekee ni sakafu, na hapo sakafu ilikuwa imezibwa mdomo.

Nilimwambia Terji. Hakunikemea, alinihurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, “Malan, sakafu ni kitu cha kukanyaga. Ukitaka iongee, wanunulie redio.” Akaongeza kwamba kamati ya kijiji imeshaikubali ramani na zege litamwagwa mara tu baridi ya Januari itakapolegea. Kama nataka kubadilisha, niende nikawashawishi mwenyewe, na nikishindwa nisimsumbue tena.

Mwenyekiti wa kamati ni Hanus wa Bondeni, yule fundi mitambo wa meli aliyestaafu, na unamjua: mtu wa kukutengenezea mashine ya kufulia bila kuombwa na kukutukana bila kuombwa. Mkutano ulifanyika darasani. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani, picha, vipimo, michoro ya mawimbi ya sauti. Watu walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, wakanisikiliza kwa heshima ile wanayompa mchungaji mgeni, yaani wakitazama saa.

Hanus akasimama. Alisema, “Ya kale dhahabu, husema hivyo wale ambao hawakulala ndani yake.” Alisema yeye alizaliwa ndani ya kitanda cha ukutani, wakalala humo watoto watatu kama samaki wa chumvi, na mama yake alikohoa moshi na unyevu wa chumba hicho mpaka walipomfukia. “Mimi, binti yangu, nikiona ukuta mkavu namshukuru Mungu. Na kama ni kale unalolitaka, babu ya babu yangu hakucheza juu ya mbao. Alicheza juu ya udongo. Tukuletee udongo?”

Watu walicheka. Nami nilicheka, Kaka, kwa sababu alikuwa na haki, na ndipo paliponiuma. Nilikuwa nimesema “kale” mara nyingi jioni ile bila kusema hata mara moja kale hilo linafanya kazi gani. Nilikuwa naitetea nyumba kwa umri wake, kana kwamba umri peke yake ni hoja.

Aliyeniokoa ni Billa. Siku hizi yeye ndiye manju wetu. Asubuhi anakata samaki kiwandani, na jioni anaimba beti mia bila kuangalia popote. Alimwambia Hanus, “We mwenyewe ukicheza shuleni unatembea kama kuku aliyekanyaga lami. Kwa Bibi yake huyu ulikuwa unacheza kama mtu.” Hanus akamjibu kwamba hayo ni masikio ya watu tu. Wanakumbuka ujana wao, wanaisingizia sakafu. “Zibeni masikio muone kama mtaona tofauti!”

Kabla ya kuingia darasani nilikuwa nimejiapiza kwamba jina lako halitatoka kinywani mwangu, maana hukuwahi kutaka kuwa sababu ya huruma ya mtu. Na sasa Hanus alikuwa amefungua mlango mwenyewe. Nikasema, “Haya, tuzibe.”

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Billa alileta kutoka kiwandani masanduku ya vile vifunika masikio vya manjano wanavyovaa kwenye mashine. Ungeona! Kijiji kizima kimevaa nguo za kanisani, vifungo vya fedha, shali za sufu, na juu yake vichwa vya manjano kama bata. Mama alitia pamba kwanza kisha akavaa, akasema hataki mtu aje kudai kwamba alidanganya. Billa peke yake alibaki masikio wazi, kwa kuwa lazima mtu aimbe.

Tulianza shuleni. Tulishikana mikono, duara likaanza, kushoto mara mbili, kulia mara moja, hatua ambazo hata mlevi anazijua. Kwa muda mfupi zilikwenda. Kisha nikaona mkono wa jirani yangu umechelewa, na wangu ukachelewa kumfuata, na kuchelewa kule kukazunguka chumba kama uvumi. Mkono hubeba habari, lakini hubeba na makosa. Baba alikuwa anakwenda kulia wakati Mama anakwenda kushoto. Hanus alimkanyaga mke wake, akageuka kumwomba radhi, akajigonga kwenye ngazi za mazoezi. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye hawakucheka. Wote walikuwa wameinamisha vichwa wakitazama miguu ya wenzao, kila mmoja akitafuta kwa macho kitu ambacho hakujua kwamba huwa anakitafuta kwa nyayo. Billa aliona midomo ya kiitikio haiendi pamoja, akainua mkono. Utenzi ulikatika katikati. Sijawahi kuona utenzi ukikatwa katikati, na Mama anasema naye hajawahi.

Tukapanda hadi nyumba ya Bibi, tumevaa vilevile. Tuliinama mlangoni mmoja mmoja. Chumba ni kidogo, unakijua, duara halikutosha, ikabidi lijikunje ndani yake mpaka kila mtu akawa anapita mbele ya uso wa kila mtu. Billa akaanza upya.

Hatua ya kwanza ya pamoja iliposhuka, vichwa vyote viliinuka.

Sina maneno bora kuliko hayo. Waliacha kutazama chini. Walitazamana. Mbao zilikuwa zinawaambia walipo, na ghala lile chini lilikuwa linarudia kwa kila mmoja, hata aliyekuwa mbali kabisa na Billa. Tuliucheza utenzi wote, na si utenzi mfupi. Ulipokwisha, hakuna aliyekimbilia kuvua vifunika masikio. Tulibaki tumesimama, tunahema, ndani ya ukimya huo ambao wewe unakaa ndani yake kila siku.

Hanus alikuwa karibu na meko. Alivua vyake taratibu, akaviangalia, akasema, wala hakuwa anasema nami, alikuwa kama anaiambia sakafu, “Basi Rói hakuwa amelewa.”

Sikukutaja, Kaka. Naapa. Alikutaja mwenyewe.

Kisha alikaa kwenye benchi na kuwaambia watu waliokuwemo, wazi, kwamba siku ile ya ngoma ya kuvunja jungu kabla ya Kwaresima, ya kwanza kuchezwa shuleni, ni yeye aliyesema kwa sauti kwamba kijana wa Sunneva, yaani wa Mama, amelewa, na chumba kizima kikacheka. “Nilicheka kwa sababu alikuwa anakanyaga watu. Leo nimemkanyaga mke wangu na mimi nimekunywa kahawa tu.” Mke wake akasema hilo analijua, kidole chake ni shahidi. Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kizuri, kilikuwa cha kurudisha kitu mahali pake.

Hatukungoja kurudi darasani. Mikono ya kura iliinuliwa pale pale, chini ya tundu la moshi, na sikuona hata mmoja uliobaki chini. Kesho yake Hanus mwenyewe alimpigia simu Terji. Nilikuwa ofisini, nilimsikia Hanus kwenye simu kupitia ukuta: “Bwana, wewe utapiga picha, sisi ndio tutakaocheza. Badilisha!”

Na tulibadilisha. Terji alilalamika, kisha akachoka kulalamika, kisha akaanza kupendezwa, maana ni msanifu kweli, si jiwe. Sikuyafukuza ya sasa. Hanus alipata kuta zake kavu na feni za kuvuta hewa, na nilimwonyesha kila tundu la hewa kwenye ramani kwa sababu ya mama yake. Kioo kipo. Wazee wanaingia bila ngazi. Lakini mabomba ya maji ya moto nimeyatoa sakafuni nikayapitisha chini ya mabenchi, na mabenchi nimeyapigilia ukutani kuzunguka chumba chote, hivyo anayechoka anakaa mahali pa joto na anayecheza anapata katikati tupu. Chini ya mbao nimeacha uwazi wenye kuta za mawe, kama ghala, isipokuwa hauna viazi. Mbao ni za msonobari kutoka Norwei, nene, zimelala juu ya maboriti yaliyopangwa kwa nafasi ile ile ya nyumba ya Bibi. Ile dari ya kumeza sauti nimeiacha jikoni tu, kwa ajili ya sufuria.

Ujenzi ulikula karibu mwaka mzima, na Jumamosi tukaufungua. Walikuja watu kutoka kisiwa cha pili kwa mashua. Terji alikuja na kamera, na kabla hajaiwasha Billa alimshika mkono mmoja, Mama wa pili, wakamtia kwenye duara, akawa anakwenda nyuma wakati sisi sote tunakwenda mbele, mpaka sakafu ilipomshika. Niliuona uso wake wakati huo. Alinitazama ng'ambo ya duara akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa karata na hajutii. Vikombe vilicheza kwenye rafu za jikoni, viwili vikavunjika, na hakuna aliyekwenda kuviokota. Hanus alikuwa amelowa jasho. Alipopita mbele yangu alipaza sauti, “Huo udongo wa babu yangu, binti, nimeuondoa kwenye maombi!”

Nami nilifurahi, Kaka. Nataka ulijue hilo bila kupunguzwa. Mimi ambaye unaniita mtu wa kukaa dirishani, nilifurahi mpaka nikasahau kwamba kuna mtu anayeitwa mimi. Nilichora kitu, na watu wangu wakasimama juu yake, na kikawaitika.

Sasa nikwambie lile lililonifanya nichukue karatasi.

Miaka minane iliyopita, siku ile shuleni, ni mimi niliyekuwa nimekushika mkono wa kushoto. Wewe uliwaambia watu wote kwamba umekwenda Aalborg, ng'ambo ya bahari, kwa sababu mshahara wa uchomeleaji ni mzuri, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo, mshahara ni mzuri. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wako. Nilisikia ulivyoanza kutafuta. Mwanzo ulikanyaga kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina wenyewe. Zege halikukujibu. Ukanitazama, ukaninyooshea kidole chini, kama zamani, ila safari hii ulikuwa unauliza. Kisha watu walicheka, ukaniachia mkono, ukatoka. Wiki ile ile niliandika maombi ya chuo cha usanifu. Watu wakiniuliza kwa nini nilichagua kazi hii, huwa nasema napenda kuchora. Sipendi hasa kuchora. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba sakafu inyamaze, na kama mtu mwingine anaweza kuamua kinyume.

Anaweza.

Sikuandikii ili urudi. Una kazi yako, una marafiki wanaoongea nawe kwa mikono vizuri kuliko kijiji kizima kinavyoweza kukuongelesha, na sitaki kuwa dada anayemvuta kaka yake kwa kamba ya utoto. Hanus aliniomba nikufikishie samahani yake. Nimemwambia samahani haifikishwi na mtu mwingine, aandike mwenyewe, na mpaka leo anasema anatafuta kalamu. Billa anakusalimu. Baba anakusalimu, na anasema dume halikuonewa, jirani ana binamu kwenye jopo la waamuzi. Mama anakubusu na anakuuliza kama unakula.

Jambo moja zaidi, na hili sikukuuliza ruhusa. Kiangazi kilichopita nilipokutembelea, ulipokuwa jikoni unakaanga samaki, nilipima chumba chako cha mbele kwa mazoea ya kazi tu. Mbao za ukumbi zilibaki, na maboriti pia. Baba na mimi tumezikata kwa vipimo hivyo, yeye amezipiga randa, mimi nimeandika namba nyuma ya kila ubao ili uweze kuzipanga mwenyewe kwa mchana mmoja. Ondoa zulia, ondoa na lile kochi katikati, liweke ukutani. Chini yako kuna stoo ya baiskeli, nayo hailalamiki. Sanduku ni zito, utahitaji watu wawili kulishusha. Limepanda meli asubuhi ya leo.

Dada yako,
Malan